Timu ya Wabeba Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Leo Meneja wa usafirishaji hapa kiwandani ametoka chumbani kwake na kadibodi kubwa, ile ya kufungia magodoro ya futi sita, akaipigilia misumari ukutani nyuma ya mlango wa ofisi yetu, iwe ubao. Akasema, "Haya, msimu wa baiskeli ndio huo. Kila mtu alete timu yake kabla ya Ijumaa jioni. Asiyeleta nitajua hapendi wenzake."

Nilicheka kwa kuwa nilidhani tunatakiwa kucheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Bi Stoo, mtunza ghala, ndiye aliyetueleza sisi wageni. Kila mtu anachagua waendesha baiskeli wanane kutoka kwenye jarida la michezo. Kila mwendeshaji amepewa thamani: wenye nguvu thelathini na kitu, dhaifu nne au tano. Jumla ya wanane isizidi mia. Timu ikishaandikwa ubaoni haiguswi mpaka mwisho wa Juni. Mbio zinakimbizwa huko ziliko, na mtu wako akimaliza miongoni mwa kumi wa kwanza unapata alama. Ipo michezo kama hii kwenye simu, inayojihesabia yenyewe, lakini Meneja haitaki. Anasema simu haina ukuta.

"Na ubao anaandika nani?" nikauliza.

"Karani mgeni," akasema Bi Stoo. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Makarani wageni tuko wawili, mimi na yule dada tunayemwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake. Wote tuko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Juni. Ila mwandiko mzuri ni wangu. Nimekabidhiwa kalamu ya wino mzito.

Jumatano, 5 Machi

Bi Stoo alinivuta nyuma ya marundo ya sponji.

"Mwanangu, nikwambie kitu? Usimshinde."

"Nani?"

"Bwana mkubwa. Mchezo ni wake na hajawahi kuushinda. Mwaka juzi kuna karani alimshinda. Kijana mzuri, anachomekea shati kama wewe. Wiki mbili baadaye akahamishiwa bohari ya mpakani."

"Kwa sababu ya baiskeli?"

"Mimi sijasema kwa sababu ya baiskeli. Nimesema wiki mbili baadaye."

Ninaandika haya kwenye chumba cha cherehani cha dada yangu, ambamo ninalala. Mtoto wake atazaliwa Julai na chumba ni cha mtoto. Shemeji amekwisha kununua rangi, kopo liko chini ya kitanda changu. Dada alisema tangu Januari, "Ukithibitishwa tu kazini, unatafuta chumba chako. Sikufukuzi, lakini mwanangu hatalala kwenye droo." Nisipothibitishwa, ninarudi kwa baba, kukaa ukumbini kama kiti kilichovunjika mguu ambacho hakuna mwenye moyo wa kukitupa.

Kwa hiyo nimeamua kushindwa.

Ijumaa, 7 Machi

Timu yangu iko ubaoni. Nimeifanyia kazi jioni mbili na sina aibu kusema kwamba imepangwa vizuri.

Hoja yangu ni hii. Mbio za baiskeli zinaonekana kama za mtu mmoja mmoja, lakini sivyo. Kila kikosi kina nahodha, na waliobaki ni watumishi wake. Wanamkinga upepo. Wanarudi nyuma kwenye gari la kikosi kumchukulia chupa za maji. Gurudumu lake likipasuka, msaidizi anashuka, anampa la kwake, halafu yeye anasimama kando ya barabara kungoja jingine huku wenzake wakipotelea mbele. Nahodha akiwa na nguvu sana, wasaidizi hawapati nafasi kabisa. Basi nikatafuta nahodha mwenye nguvu kuliko wote. Jina lake limetushinda kutamka, ana shingo ndefu, na hapa ofisini tunamwita Ngamia. Meneja amemchukua, na amemlipia thelathini na nne katika mia yake. Mimi nimechukua wasaidizi sita wa Ngamia, nne nne na tano tano, na wazee wawili wa vikosi vingine. Mkongwe wa wale sita hajashinda mbio hata moja maishani, na jarida linasema huu ni msimu wake wa mwisho. Nimempa jina la Mbeba Chupa.

Kuna kushindwa kunakotia shaka, na kuna kushindwa kunakofanana na ujinga wa mgeni. Nimechagua huko kwa pili.

Meneja alisoma ubao akaanza kutikisika mabega. "Kijana! Una mia nzima mkononi, hata nusu hujafika! Unaenda sokoni na kapu, unarudi na kapu?" Akanipiga begani. Hajawahi kunigusa tangu niajiriwe.

Kengele aliniuliza, "Profesa, umechagua kwa vigezo gani?"

"Wewe je?"

"Mimi nimeangalia picha. Nikimwona ameshiba, nachukua."

Jumatatu, 17 Machi

Mbio za kwanza. Ngamia mshindi. Meneja yuko juu, mimi sina alama hata moja. Nilichora sifuri yangu kwa uangalifu, ikatoka duara safi. Meneja alinikaribisha chumbani kwake nikaonyeshwa picha za njia za milimani. Anazungumza vizuri akizungumzia kona.

Alhamisi, 20 Machi

Magodoro ya shule ya bweni yameondoka yote.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Godoro likilowa halirudi kuwa godoro, kwa hiyo mvua ikinyesha hatupakii. Madereva wanakaa ukumbini mwetu wakinuka koti. Mimi bado ni wa mwisho. Siku njema.

Jumatatu, 31 Machi

Ngamia ameanguka. Ilikuwa juzi Jumamosi, kwenye mteremko, barabara imelowa. Amevunjika mtulinga na msimu wake umekwisha.

Meneja aliingia bila kusalimu. Kengele akasimama.

"Pole, bosi."

"Usinipe pole kama nimefiwa."

"Samahani, bosi."

Akafika mlangoni kwake, akageuka. "Asante."

Nilikaa nikafungua matokeo, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekifanya. Nahodha hayupo. Wale sita hawana wa kumkinga upepo wala wa kumpelekea maji. Wameachiwa. Siku ya Jumapili mmoja wao alikuwa wa pili, mwingine wa nne, Mbeba Chupa wa tano. Wanaume ambao kwa miaka wamevuta mtu mwingine mlimani, wakivuta miili yao peke yake wanaona kama wametua mzigo. Jambo hili mtu yeyote angeweza kulifikiria. Nilifikiria kila kitu isipokuwa hilo.

Niliandika alama kama zilivyo. Nimepanda mpaka nafasi ya pili.

Meneja alikuja kusimama mbele ya ubao na kikombe chake.

"Hawa si wale wabeba maji wako?"

"Ndio, Meneja."

"Hm," akasema.

Nimejaribu kuiandika ile "hm" kama ilivyotoka, lakini haiandikiki. Haikuwa na hasira. Haikuwa na kitu ndani, na hicho ndicho kilichonitisha.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Kwa hesabu ya kweli, leo mimi ndiye wa kwanza. Nilijumlisha nikiwa bado nyumbani, nikaiacha chai ikapoa hadi dada akauliza kama nina homa.

Ofisini nilifika kabla ya wote. Nilishika kalamu. Nilikuwa nimekusudia kuandika alama sitini na mbili za wiki. Niliandika kumi na mbili. Halafu nikafunika kalamu, nikakaa mezani kwangu, nikaanza hati za mzigo za siku.

Nitasema kitu ambacho sikukitarajia. Sikuhisi vibaya. Nilihisi kama mtu aliyefunga dirisha upepo ukivuma.

Meneja alipopita alisoma nafasi yake, kisha yangu, akaendelea na safari yake. Tangu Ngamia aanguke hatazami tena mbio. Anasema bila Ngamia ni vijana tu wanaokwenda dukani.

Anayeongoza sasa ni Kengele, na wale wake walioshiba.

Alhamisi, 10 Aprili

Meneja amemtoa Kengele ofisini. Amemweka uani kwenye jukwaa la kupakilia, chini ya bati, ahesabu magodoro yakipanda kwenye malori. Mvua inaingia kwa ubavu hapo. Hakueleza sababu. Alisema tu, "Wewe binti, kuanzia leo uko nje."

Bi Stoo alinitazama. Mimi nilitazama karatasi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimejipunguzia tena, thelathini hivi. Kengele bado anaongoza.

Jumatano, 23 Aprili

Kengele ameanza kukohoa. Anaingia ofisini mara moja tu kwa siku, kuleta hesabu zake, nywele zimejaa nyuzi za sponji, viatu vinalia maji. Leo alikaa kwenye kiti chake cha zamani.

"Profesa, mimi nimekosa nini?"

"Kwa nini?"

"Mtu hawezi kutolewa kwenye kiti akatupwa mvuani bure bure. Nimejikagua, sioni. Au nacheka sana?"

"Labda ni zamu tu."

"Zamu ina mwenzake. Wewe zamu yako lini?"

Nilimwambia sijui. Ni kweli sijui. Lakini najua kile kiti cha mvuani kilikuwa cha nani, kama Bi Stoo anasema kweli. Nilimwachia mwavuli wangu. Akaupokea akicheka, akasema nina moyo wa shangazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Dada ananisema kwamba nimekonda. "Una siri. Uso wako umekuwa kama mlango wa choo cha wageni, umefungwa hata kama hamna mtu. Mficha uchi hazai, mdogo wangu, na mimi ushahidi ninao." Akajishika tumbo. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

Nikasema ni kazi nyingi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza kuwaogopa wale watu wangu. Kila Jumatatu nafungua matokeo nikiomba wawe wamechoka. Hawachoki. Wanashindana kama watu walioambiwa kwamba mlango huu utafungwa tena mwakani, na bila shaka ndivyo ulivyo, kwa kuwa Ngamia atapona. Kwenye picha Mbeba Chupa ana uso wa mwalimu wa hesabu.

Jumatano, 7 Mei

Malori matatu yamekwama njiani, daraja limefunikwa. Meneja alikuwa uani toka asubuhi na Kengele. Niliwaona kwa dirisha. Dereva mmoja mwenye mwili mkubwa alikuwa anabisha kuhusu turubai, na Kengele alikuwa anamjibu, na yule dereva akawa anapungua. Meneja alisimama pembeni, mikono nyuma. Sikuelewa uso wake. Nilitarajia kuona mtu anayeadhibu.

Jumatatu, 12 Mei

Meneja amempita Kengele. Katika miaka yote hajawahi kuongoza mchezo wake mwenyewe ikiwa imefika Mei. Aliagiza chai ya watu wote. Alikaa ukingoni mwa meza yangu akiimba kwa pua. Nikajiambia sasa Kengele atarudishwa ndani.

Alhamisi, 15 Mei

Hajarudishwa.

Jumatatu, 19 Mei

Jana Mbeba Chupa alishinda.

Nimeisoma habari mara kadhaa. Ni zile mbio ndefu za siku moja, zenye vilima vingi. Alitoroka mapema akiwa na wengine wanne, jambo ambalo wasaidizi hulifanya ili kikosi kionekane kwenye televisheni, na wote hurudishwa mbele ya safari. Wanne walirudishwa. Yeye hapana. Alifika peke yake, na kwa kuwa hajawahi kufika wa kwanza, hakujua la kufanya na mikono yake. Aliishika tu baiskeli kama kawaida. Mtangazaji alidhani hajui kwamba ameshinda.

Ushindi wa mbio hizo ni alama mia moja. Nikiandika, nampita Meneja kwa mbali, hata baada ya kujipunguzia kote huko.

Niliandika nane.

Jumanne, 20 Mei

Kengele alinikuta nikifunga ofisi saa ya kutoka. Hakuwa anacheka. Ningependa kuandika alivyosema kama alivyosema.

"Nane?"

"Nane gani?"

"Usinifanye mtoto, Profesa. Jumapili nilikuwa kwa shangazi, televisheni iko wazi. Mimi hizi mbio nimeanza kuzipenda kwa sababu ya yule mzee wako. Tulisimama sebuleni, mimi na shangazi na goti lake bovu, tunapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mtu mzima analia barabarani, hajui ashike nini. Jana naingia hapa nimejaa furaha, nikasema ngoja nikaone Profesa kapata ngapi. Nane! Nane wanampa mtu aliyelala njiani!"

Nilisema pole pole kwamba nilikuwa naogopa. Nilimweleza maneno ya Bi Stoo, kijana wa mpakani, chumba cha mtoto. Nilimwambia pia kwamba yeye aliwekwa mvuani kwa sababu alikuwa anaongoza, na aliongoza kwa sababu mimi nilishuka.

Nilidhani hilo ndilo litakalomkasirisha. Alilisukuma kwa mkono kama nzi.

"Mimi mvua nimeizoea. Mimi nakuuliza yeye. Kabebea watu maji maisha yake yote, siku moja kashinda, dunia nzima kapewa ushindi wake isipokuwa kwenye ukuta huu. Hapa kuna mtu kamnyang'anya. Na huyo mtu ndiye aliyemchagua!"

"Yeye hatajua."

"Wewe unajua."

"Utamwambia Meneja?"

"Mimi? Mdomo wangu nimekodi?" Akajifunga kanga kichwani, maana mvua ilikuwa imeanza tena. "Sisemi. Utasema mwenyewe au utanyamaza mwenyewe. Lakini mwavuli wako huu, chukua."

Aliuacha kwenye kiti. Nilirudi nyumbani nao bila kuufungua.

Ijumaa, 23 Mei

Sina la kuandika.

Jumatatu, 2 Juni

Kuanzia wiki hii naandika alama za kweli za kila wiki. Zile nilizozila zamani nimeziacha zilipo. Ni unafiki mdogo, nakubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili, ingawa nimeanza kushuku kwamba methali hiyo ilitungwa na karani.

Jumanne, 10 Juni

Mvua zimekatika. Uani kumekauka, vumbi limerudi. Kengele hakohoi tena na bado hataki kuketi ndani. Anasema huko nje mtu anaonekana. Madereva wanamwita Mama Turubai.

Bi Stoo hakumbuki tena aliniambia nini. Nilimkumbusha habari za kijana wa mpakani. "Eh, yule! Mama yake si yuko kule? Au ni mke? Sijui, mwanangu, watu wanahama." Nikamuuliza kama alihamishwa au aliomba. Akasema hayo ni mambo ya wakubwa, yeye anashika funguo.

Nimetumia msimu mzima nikiongozwa na sentensi ambayo msemaji wake ameisahau.

Lakini hilo halithibitishi kwamba haikuwa kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Meneja bado juu. Ameuliza kama mwandiko wangu unaweza kuandika neno BINGWA kwa herufi kubwa za kivuli. Mke wake atakuja siku ya mwisho, wapige picha mbele ya ubao. Nikasema ndiyo, ninaweza.

Jumatano, 25 Juni

Ripoti zetu za majaribio zinaandikwa wiki hii. Mlango wake umefungwa, sauti ya kibodi inasikika. Anachapa kwa vidole viwili.

Shemeji ameanza kupiga rangi ukuta mmoja wa chumba, ule ulio mbali na kitanda changu. Anaomba radhi kila anapochovya brashi.

Jumatatu, 30 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Mbio za mwisho zilikuwa jana. Niliingia ofisini mapema, nikakata kila jumla ya uongo kwa mstari mmoja, bila kufuta, ili iliyokuwa chini isomeke. Juu yake nikaandika ya kweli. Nilipomaliza, jina langu lilikuwa na alama nyingi kuliko la Meneja kwa kiasi ambacho hata mtoto angekiona. Nafasi ya neno BINGWA niliiacha wazi. Kisha nikakaa mezani kwangu.

Meneja alifika amevaa suti ya kijivu. Mke wake angekuja saa sita. Alisoma ubao toka juu hadi chini, akarudi juu. Akaniita chumbani, akafunga mlango.

"Nani kafanya vile?"

"Mimi, Meneja. Zilizokatwa ni za uongo. Nilikuwa najipunguzia."

"Tangu lini?"

"Aprili."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba nikikushinda hutanithibitisha."

Alikaa. Suti ilimpanda mabegani.

"Ulidhani mimi naweza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya baiskeli?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi ya heshima kwa swali hilo. Nikasema, "Ndio, Meneja."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma na utingo anapiga ubavu wake, rudi, rudi, rudi. Halafu akasema jambo ambalo nililirudia njia nzima nikirudi nyumbani ili nisilipoteze.

"Yule mzee wako alipokuwa wa kwanza, mwezi wa tano, niliona gazetini. Nikaja hapa nikijua nimepitwa. Nikasoma ubao, nikajikuta bado niko juu." Alichezea kalamu. "Nikajiambia, kijana kakosea, nitamwambia kesho. Ile kesho mpaka leo."

Niliitazama ile kalamu mkononi mwake.

"Na yule wa mpakani," nikasema. Sijui nani aliisema kwa mdomo wangu.

"Bohari ilikuwa haina karani."

"Ndio, Meneja."

"Ilikuwa haina karani kweli." Akaiweka kalamu chini. "Lakini karani ningeweza kumtuma yeyote."

Akavuta ripoti yangu, akaigeuza kichwa chini miguu juu ili niisome. Ilikuwa imekwisha chapwa. Ilisema nathibitishwa. Kulibaki sahihi tu.

"Sasa niambie," akasema. "Nikitia sahihi, utasema nimenunua kimya chako. Nisipotia, utasema nimelipiza. Umeniweka kwenye kona mbaya. Lakini kuna jambo la tatu. Dereva anatoka hapa na magodoro mia kwa kuwa karatasi yako imesema mia. Hashuki kuhesabu. Mimi sishuki kuhesabu. Mwenye duka kule hana mtu mwingine wa kumwamini ila mwandiko wako. Wewe ukiogopa mtu, unaandika nane palipo na mia. Hilo nifanyeje nalo?"

Akairudisha ripoti upande wake.

"Miezi mitatu mingine ya majaribio. Si kwa kunishinda, ni kwa kupunguza. Ukipenda kuamini, amini."

Nilimtazama, na sikuona mtu anayelipiza wala mtu anayesamehe. Niliona mtu ambaye naye hana uhakika ni lipi kati ya hayo analifanya, na amechagua kuendelea hivyo hivyo. Sijawahi kumwogopa kidogo kama wakati ule.

Kengele amethibitishwa. Yeye ndiye msimamizi wa jukwaa la kupakilia kuanzia kesho. Meneja alisema alimwona tangu Machi anavyowajibu madereva, akamtoa nje amjaribu kwenye mvua. Kwa hiyo hilo nalo nililisoma kinyume, msimu mzima.

Mke wa Meneja alikuja saa sita. Alipewa chai. Picha haikupigwa.

Jumanne, 1 Julai

Nimemweleza dada yote. Alisikiliza akikunja nepi.

"Kwa hiyo ulishinda."

"Ndio."

"Na kazi hujapata."

"Miezi mitatu tena."

"We mtoto," akasema, "ungeiba mbele ningekuelewa. Wewe unaiba kurudi nyuma!" Akacheka mpaka akakaa, mkono kiunoni, akaniambia kitanda changu kitahamia ukumbini, nyuma ya kabati, na kwamba mtoto akilia nitakuwa wa kwanza kumsikia, hivyo nitakuwa wa kwanza kuamka.

Jumanne, 8 Julai

Msichana. Kilo tatu na robo. Shemeji hajui la kufanya na mikono yake.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi ilikuja hati ya magodoro mia kwa hospitali. Dereva alikuwa yule mwenye mwili mkubwa. Nilitoka uani, nikahesabu yakipanda, Kengele akihesabu upande wa pili. Nilipata tisini na nane. Yeye akapata tisini na nane. Mawili yalikuwa yamerudishwa ndani kubandikwa gundi upya.

"Andika mia," dereva akasema. "Mawili nitayapitia kesho. Nikifika na pungufu kule watanisumbua nusu siku."

"Ni tisini na nane."

"Wewe karani wa majaribio unanifundisha kazi? Meneja ananijua mimi. Andika mia, kijana, usijitafutie."

Nilimwogopa. Nataka hilo liwepo hapa. Niliandika tisini na nane, kwa tarakimu na kwa maneno.

Dereva aliikwapua hati akaenda nayo chumbani kwa Meneja, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda. Aliieleza kesi yake kwa sauti ya ua mzima. Meneja alikuwa anakula chungwa. Aliinua kichwa, akaniuliza mimi.

"Umeandika ngapi?"

"Tisini na nane, Meneja."

"Basi ni tisini na nane," akamwambia dereva, akarudi kwenye chungwa lake. Lori lilikuwa limesimama palepale dirishani kwake, mlango wa nyuma uko wazi. Hakulitazama.